Nambari 137 na Mkono Unaoiandika

Riziki yangu hutokana na kupanga na kuchapa tasnifu za wanafunzi wa sayansi, katika chumba cha ghorofa ya pili karibu na mzunguko wa Globe jijini Nairobi, ambapo sauti za makanga wanaoita abiria wa Ngara na Pangani huingia dirishani tangu alfajiri. Nilisomea fizikia kabla ya kuingia kazi hii, na kwa sababu hiyo wahadhiri kadhaa wa Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, huwaelekeza wanafunzi wao kwangu, wakijua kwamba milinganyo yao haitaharibika mikononi mwangu. Mtu anayepanga maandishi ya wengine huona jambo ambalo mwandishi mwenyewe ni nadra kuliona: kiasi kilekile cha maumbile humfikia wiki hii kimeandikwa hivi, wiki ijayo kimeandikwa vile, na mshangao wa mwandishi hupanda au kushuka kulingana na maandishi hayo. Kiasi kilichonifunza zaidi kuhusu jambo hili ni kile ambacho wanafizikia hukiandika kwa herufi ya Kigiriki alfa, na ambacho watu wengi hukijua kwa jina la 137.

Alfa ni kipimo cha nguvu ya umeme katika maumbile. Chukua elektroni mbili zilizotengana kwa umbali wowote; zinasukumana, na msukumo huo una nishati yake. Kisha chukua chembe moja ya mwanga ambayo urefu wa wimbi lake ni umbali huohuo mara 2π. Nayo ina nishati yake. Gawanya nishati ya kwanza kwa ya pili, umbali utajifuta wenyewe, nawe utabaki na takriban 0.0073, yaani karibu sehemu moja ya 137. Mwanafizikia wa Ujerumani, Arnold Sommerfeld, aliingiza nambari hiyo katika fizikia mwaka 1916, alipokuwa akieleza kwa nini mistari ya spektra ya haidrojeni, yaani mistari ya rangi za mwanga unaotolewa na gesi hiyo, ikitazamwa kwa makini, hugawanyika kuwa mistari miembamba inayokaribiana sana, jambo ambalo wanasayansi wa Marekani Michelson na Morley walikuwa wameliona katika mstari mwekundu mwaka 1887. Kwake ilikuwa uwiano wa kasi mbili: kasi ya elektroni katika mzingo wa chini kabisa wa atomi ya haidrojeni, ambayo ni kiasi cha kilomita 2,190 kwa sekunde, na kasi ya mwanga. Haina mita, sekunde wala kilo ndani yake. Kiumbe wa sayari nyingine asiyejua vipimo vyetu angeweza kuupata uwiano huohuo, na hapo ndipo watu huanza kusisimka.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliniletea sura ya kwanza ambayo karibu nusu yake ilikuwa sifa za 137. Alieleza kwamba ni nambari tasa. Kwamba mwanafizikia Wolfgang Pauli, ambaye nambari hiyo ilimsumbua kwa miaka mingi, alifariki Zürich mwezi wa Desemba 1958 akiwa amelazwa katika chumba nambari 137. Na kwamba herufi za Kiebrania za neno Kabbalah, jina la mapokeo ya siri ya Kiyahudi, zikihesabiwa kwa thamani zake za kale, hujumlisha 137. Yote hayo ni kweli. Msimamizi wake, mzee wa maneno machache, hakukata hata sentensi moja. Aliandika tu pambizoni, kwa kalamu ya kijani, kwamba kila palipo na 1/137 pawekwe 0.0073, kisha mwanafunzi asome upya na kuamua mwenyewe kinachostahili kubaki.

Mimi ndiye niliyefanya mabadiliko hayo kwenye kompyuta, kwa amri moja ya kutafuta na kubadilisha, nikayasoma matokeo kabla ya mwenyewe kufika. Sentensi iliyotangaza kwamba maumbile yamechagua nambari tasa sasa ilizungumzia 0.0073, ambayo haiwezi kuwa tasa wala kutokuwa tasa. Chumba cha Pauli kikawa chumba cha hospitali tu. Aya ya Kabbalah ilikosa pa kushika. Lakini sentensi iliyosema kwamba mvuto wa umeme ndani ya haidrojeni ni hafifu kiasi kwamba elektroni yake huenda polepole sana ikilinganishwa na mwanga ilisimama bila kutikisika, na ile iliyouliza kwa nini nguvu hiyo iwe ya kiwango hiki, wala si mara mbili au mara kumi yake, ilisimama pia. Kijana alipofika alizipitia kurasa kimya, halafu akaniambia, "Madam, sura yangu imekufa." Nikamwonyesha sentensi zile mbili na kumshauri aanzie hapo, kwa kuwa hizo ndizo zilizokuwa zikizungumzia fizikia.

Kupindua sehemu, cha chini kiwe juu, ni jambo dogo kihesabu lakini si dogo machoni. Madereva wa Nairobi wanalifahamu bila kusoma fizikia. Gari lililoletwa kutoka Japani huonyesha kwenye dashibodi ni kilomita ngapi linakwenda kwa lita moja ya petroli. Lililotoka Ujerumani huonyesha ni lita ngapi linakula kwa kilomita 100. Gari lenye 12.5 kwa hesabu ya kwanza ni lilelile lenye 8 kwa hesabu ya pili, na nimewahi kusikiliza ubishi mrefu kati ya watu wawili walioshikilia nambari hizo mbili bila kutambua kwamba walikuwa wanakubaliana. Alfa nayo, ikipinduliwa, hukaribia nambari nzima: 137.036. Ukaribu huo unaonekana wa ajabu mpaka uupime. Ukiokota nambari za desimali ovyo, takriban moja katika kila 14 itakuwa karibu na nambari nzima kwa kiasi hicho au zaidi, na hakuna mtu anayefunga safari ya kwenda kuziabudu hizo nyingine.

Aliyeteleza zaidi kwenye ukaribu huo ni Arthur Eddington, mwanaastronomia wa Uingereza aliyesafiri hadi kisiwa cha Príncipe mwaka 1919 kupima jinsi jua linavyopinda mwanga wa nyota. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alitoa hoja kwamba alfa ikipinduliwa lazima iwe 136 kamili, akiitoa nambari hiyo kwenye jedwali la safu 16 kwa 16, ambalo vijisehemu vyake visivyorudiwa ni 16 mara 17 ikigawanywa kwa 2. Vipimo vilipozidi kuelekea 137, alitafuta sababu ya kuongeza 1, na jarida la vichekesho la Punch likamtania kwa kumwita Bwana Arthur Ongeza-Moja. Mwaka 1931 vijana watatu waliokuwa Cambridge, Guido Beck, Hans Bethe na Wolfgang Riezler, walichapisha katika jarida la Kijerumani la Naturwissenschaften makala fupi iliyodai kwa uso mkavu kwamba nadharia ya kwanta inaeleza kwa nini baridi ya mwisho kabisa ni nyuzi −273: zidisha 137 kwa 2, toa 1, weka alama ya kutoa mbele. Mhariri aliichapisha akidhani ni kazi ya kweli, na baadaye ikabidi kuomba radhi.

Mimi huiona makala ile kuwa somo bora kuliko vitabu vingi vya kiada, kwa sababu ya mahali walipouficha mwiba. Nambari 273 haikutolewa na maumbile. Imetokana na mtindo wa Selsiasi wa kuligawa joto kati ya maji yanayoganda na maji yanayochemka katika nyuzi 100. Kwa mtindo wa Fahrenheit baridi hiyohiyo ni −459.67, na hakuna hila ya 137 itakayoizaa. Wale vijana walichukua nambari moja isiyotegemea vizio na nyingine inayovitegemea kabisa, wakaziunganisha kana kwamba ni ndugu, na msomaji asiyeuliza kila nambari ilitoka wapi hakuwa na njia ya kuwakamata.

Swali hilo la nambari ilitoka wapi liliniingia mwilini hasa siku nilipoletewa tasnifu kwenye flashi ikiwa tayari faili ya pidiefu, ambayo fonti zake hazikuwa zimehifadhiwa ndani ya faili. Kurasa za kwanza zilipotoka kwenye printa, kila ħ ilikuwa imepoteza kistari cha shingoni na kuwa h ya kawaida, alama ya nambari ya Planck, ile inayounganisha nishati ya chembe ya mwanga na wimbi lake. Kwa jicho la mtu wa duka la kuchapa, hiyo ni kasoro ndogo kama nukta iliyofifia. Kwa fizikia, kistari hicho ni maagizo ya kugawanya kwa 2π, na kikitoweka, mlinganyo unaosema kwamba alfa ni e²/4πε₀ħc (e ni chaji ya elektroni, c kasi ya mwanga, ε₀ nambari ya umeme ya ombwe) hauelekezi tena kwenye 1/137 bali kwenye 1/861. Nilisimamisha printa, nikachukua kikokotoo, nikahesabu kwa tarakimu nyingi zaidi kwa udadisi tu: 137.036 mara 2π ni 861.023.

Nambari hiyo imenikaa akilini tangu siku hiyo, kwa kuwa 861.023 iko karibu na nambari nzima kuliko 137.036. Isitoshe, 861 ni 41 mara 42 ikigawanywa kwa 2, kwa hiyo Eddington mwingine angeweza kuitoa kwenye jedwali la safu 41 kwa 41 kwa ujasiri uleule, tena bila kulazimika kuongeza moja. Sommerfeld mwenyewe, kwa vizio vya wakati wake, aliandika alfa kama 2πe²/hc, akiiacha 2π ionekane waziwazi juu ya mstari, na hakukuwa na sheria ya maumbile iliyomkataza kuiacha nje na kuita e²/hc jina la alfa. Angefanya hivyo, chumba cha Pauli kingekuwa chumba tu tangu mwanzo. Fizikia ya haidrojeni isingebadilika hata chembe. 2π ingehamia kwenye milinganyo mingine, ikae huko, na kizazi kizima cha watu wanaotafuta siri kingekuwa kikichunguza maana ya 861.

Wanafunzi wa fizikia ya chembe hawaandiki hata kwa namna hiyo. Katika tasnifu zao kasi ya mwanga ni 1 na ħ ni 1, zote mbili hazionekani kwenye ukurasa, na kinachobaki ni e²/4π. Wengi wao hawaigusi alfa kabisa. Huandika e yenyewe, ambayo kwa vizio vyao ni 0.303, na ukiipandisha kuwa e² unapata 0.0917, ambayo ikipinduliwa ni 10.9. Sijawahi kuchapa tasnifu ya fizikia ya chembe yenye ibara ya kustaajabia 0.303. Mwanafizikia wa Marekani Richard Feynman, katika mihadhara yake kwa wasio wataalamu iliyochapishwa mwaka 1985, alichagua njia ya tatu: aliitaja kwa kipeuo chake cha pili, karibu 0.0854, akaeleza kwamba wenzake wasingeitambua nambari hiyo kwa sababu wao wamezoea kuikariri ikiwa imepandishwa na kupinduliwa. Ni Feynman huyohuyo aliyeiita mojawapo ya mafumbo makubwa ya fizikia, na naona haya mawili hayapingani. Alikuwa anajua kwamba fumbo haliko kwenye tarakimu alizokuwa akiandika.

Hata π, ambayo wanafunzi huiheshimu kupita kiasi, huingia na kutoka kwenye alfa kama mgeni wa hoteli. Badala ya e²/4πε₀ħc mtu anaweza kuandika e²/2ε₀hc. Thamani ni ileile hadi tarakimu ya mwisho, na π haimo. Nilimwonyesha jambo hilo mwanafunzi aliyetaka kujua duara limejificha wapi ndani ya nguvu ya umeme. Duara lipo kweli, kwa kuwa nguvu inayosambaa pande zote kutoka kwenye chaji hujaza tufe, lakini ni mwandishi anayeamua kama tufe hilo litaandikwa kwenye sheria ya Coulomb ya msukumo kati ya chaji au litahamishiwa kwenye milinganyo ya Maxwell ya umeme na sumaku. Mwaka 1969 mwanahisabati wa Uswisi, Armand Wyler, alitoa kanuni iliyojaa π, vipeuo na nambari nzima, ambayo jibu lake lilikuwa 137.03608, na kwa vipimo vya wakati ule jibu hilo lilikubalika. Leo vipimo vinasema 137.035999. Tofauti iko kwenye desimali ya tano tu, lakini vipimo sasa vinafika mbali zaidi ya hapo kwa hatua nyingi, kwa hiyo kanuni ile imekufa.

Uandishi unaweza pia kufanya kinyume chake, yaani kuzua fumbo pale ambapo pana rula tu. Mtoto wa kaka yangu alipokuwa akijiandaa kwa mtihani wa KCSE alikuja jioni moja na daftari lake. Shuleni huwaambia watumie 10 kwa mvutano wa dunia, lakini yeye alikuwa ameona mahali 9.81, na kikokotoo kikamwambia kwamba π mara π ni 9.87. "Shangazi," akaniuliza, "dunia inaijuaje π?" Nilimpa kamba, kufuli na saa, nikamwambia atafute urefu wa kamba ambao utaifanya kufuli ichukue sekunde moja kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ilimchukua muda, kwani alianza na kamba fupi mno, lakini aliishia karibu kabisa na mita moja. Kisha nikamweleza kwamba Wafaransa walipokuwa wakitafuta kipimo kipya mwishoni mwa karne ya 18, pendekezo mojawapo lilikuwa kwamba mita iwe urefu wa pendulamu ya namna hiyohiyo, na kwa mita ya namna hiyo mvutano wa dunia ungekuwa π mara π kwa lazima, kwa sababu π imo kwenye mwendo wa pendulamu. Mwaka 1791 walichagua badala yake sehemu moja ya milioni 10 ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta, hasa kwa kuwa mvutano hautoshani kila mahali, lakini urefu walioupata ulitofautiana na ule wa pendulamu kwa chini ya asilimia moja. Hapa kwetu, karibu na ikweta na juu ya mwinuko, mvutano ni karibu 9.78, na pendulamu ya sekunde ni fupi kidogo kuliko ile ya Paris. Ukiandika kwa futi, unapata 32 na kitu, na π hutoweka bila kuaga. Kijana alisikitika kidogo, kisha akauliza kama 299,792,458 ya kasi ya mwanga nayo ni hivyohivyo. Ni hivyohivyo: tangu mwaka 1983 nambari hiyo ni kamili kwa amri, kwa sababu mita yenyewe hufafanuliwa kwayo, na anayetafuta siri ndani ya tarakimu zake anachunguza historia ya rula.

Mpaka hapo mtu angeweza kudhani kwamba kila fumbo ni kosa la kalamu. Sivyo, na kilichonionyesha kwamba sivyo ni mabano. Katika majedwali ya nambari thabiti, tarakimu mbili za mwisho zenye shaka huelezwa kwa nambari ndogo ndani ya mabano, na mpangaji kurasa hujifunza haraka ni mistari ipi ina mabano na ipi haina. Katika tasnifu za zamani, chaji ya elektroni na h ya Planck zilikuwa na mabano, huku μ₀, ile nambari ya sumaku ya ombwe, ikiwa 4π×10⁻⁷ kamili, safi, bila shaka yoyote. Tarehe 20 Mei 2019 vizio vya kimataifa vilifafanuliwa upya. Chaji ikawa 1.602176634×10⁻¹⁹ kamili, h ikawa 6.62607015×10⁻³⁴ kamili, na mabano yakahamia kwenye μ₀ na ε₀, ambazo kwenye vitabu vya zamani nilivyovikuta zilionekana kama nambari za kuwekwa tu na binadamu. Ilinibidi kubadilisha kiolezo changu cha jedwali, na mwanafunzi mmoja aliyechanganya jedwali la zamani na jipya alirudishiwa kazi akiwa haelewi kosa liko wapi.

Maumbile hayakubadilika usiku ule. Kilichotokea ni kwamba shaka iliyokuwa imekaa kwenye safu moja ya jedwali ilisukumwa hadi safu nyingine, na anayefuatilia shaka hiyo inakotoka hufika mlango uleule kila mara: alfa. Ukiwa umefunga e, h na kasi ya mwanga kwa amri, ombwe haliwezi kufungwa pia, kwa sababu alfa ndiyo inayowaunganisha wote wanne, na alfa haikubali amri. Wajumbe wa mkutano wa vizio wanaweza kukaa na kuamua ukubwa wa kilo. Hakuna mkutano unaoweza kuamua ukubwa wa alfa; lazima mtu aingie maabara na kuipima. Hii ndiyo tofauti ninayoijali zaidi: 2π, 4π, kipeuo na kupindua ni uamuzi wa mwandishi, lakini baada ya waandishi wote kukubaliana jinsi ya kuandika, bado kuna kitu kinachokataa kuwekwa na mtu.

Kitu hicho nacho si nambari moja iliyotulia. Kadiri chembe zinavyogongana kwa nishati kubwa zaidi, ndivyo nguvu ya umeme kati yao inavyoongezeka kidogo, kwa kuwa ombwe lenyewe hupunguza makali ya chaji inapotazamwa kwa mbali. Katika nishati za gigaelektroni-volti 91 hivi, ambazo LEP, mashine ya kugonganisha chembe ya maabara ya Ulaya ya CERN, ilizifikia karibu na Geneva, alfa ni karibu 1/128. Kwa hiyo 137 ni thamani ya mbali, ya atomi baridi na taa za barabarani, na mtu anayeuliza kwa nini maumbile yamechagua 137 anauliza kuhusu ncha moja ya mkondo mrefu. (Na 128 ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara saba, kwa anayetaka kuanzisha dini mpya.) Wanafizikia wanaotafuta chanzo cha alfa wengi wao hutazama nishati za juu zaidi ya hapo, ambako nguvu za maumbile hukaribiana, na huko hakuna 137 wala 128.

Wakati huohuo wanaoipima hawashughulikii 137 kabisa. Mhadhiri mmoja mzee, anayeniita binti yangu ingawa nina watoto wakubwa, alikuja kupanga sura ya makala ya mapitio na kuniambia niweke thamani tatu kwenye jedwali moja, zote zikiwa za alfa iliyopinduliwa. Kundi la Berkeley lilipima mwaka 2018 kwa kuangalia jinsi atomi za sesiamu zinavyorudi nyuma zikipigwa na leza, likapata 137.035999046(27). Kundi la Paris lilifanya vivyo hivyo kwa atomi za rubidiamu mwaka 2020, likapata 137.035999206(11). Mwaka 2023 kipimo cha sumaku ya elektroni moja iliyonaswa, kilichofanyika Chuo Kikuu cha Northwestern, kilipofuatwa kwa nadharia kilitoa 137.035999166(15), katikati ya wale wawili lakini karibu zaidi na Paris. "Mwalimu," nikamuuliza, "nianze kila mstari na 137.035999 au nizikate zile zinazofanana ili tofauti ionekane?" Akafikiri, akasema nizikate, niandike mara moja juu ya safu kwamba zote zinaanza hivyo, kisha chini yake nipange 046, 166 na 206 zikiwa zimelingana na mabano yake. Kwa mpangilio ule nambari ambayo watu wameitungia hekaya kwa karne moja ilibaki kama kichwa cha safu tu, na ugomvi halisi ukawa wazi kwenye tarakimu tatu za mwisho. Aliongeza mwenyewe, kwa mkono, sentensi ya kuwekwa chini ya jedwali: kwamba tofauti kati ya Berkeley na Paris ni zaidi ya mara tano ya shaka zao zikiunganishwa, na kwamba sababu yake haijapatikana.